Masikio ya Mtambo na Msitu wa Rungwe

Kila mtoto wa Tukuyu ajua kupima umbali wa radi. Huona mwanga, akahesabu, na ngurumo ikifika baada ya sekunde tatu hujua kwamba radi imepiga kadiri ya kilometa moja kutoka alipo, kwa kuwa sauti husafiri karibu meta 340 kwa sekunde. Bunduki ya mwindaji haramu ndani ya msitu haionyeshi mwanga. Kwa hiyo wataalamu hutega vinasa sauti mahali mbalimbali, vyenye saa zinazopatana barabara. Mlio ukifika kwa kimoja kabla ya kingine, kompyuta hulinganisha tofauti hizo na kutaja mahali risasi ilipofyatuliwa.

Jambo hili si hadithi, maana bahari yetu wenyewe imekwisha kusikilizwa hivyo. Mwezi Machi na Aprili 2015 watafiti walisafiri kwa mashua kilometa 2,692 katika pwani ya Tanzania, vinasa sauti vikiwa majini, wakitafuta milio ya baruti za wavuvi haramu. Walinasa milipuko 318 iliyoelekea kuwa ya uvuvi huo, na 62 kwa mia ilitokea katika kilometa 80 za Dar es Salaam. Aliyedhani kwamba baruti ni ugonjwa wa vijiji vya mbali alionyeshwa kuwa uko mlangoni pa jiji. Hapo ndipo kinasa sauti kinapostahili sifa: hakimwonei mtu haya.

Je, tuvitundike na katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe? Humo anaishi kipunji, nyani ambaye wataalamu walimtambua mwaka 2003, ingawa wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimwita kwa jina hilo zamani. Hesabu ya kwanza, iliyotangazwa mwaka 2008, ilikuta 1,117 tu, wa Rungwe na Kitulo pamoja na wa Udzungwa. Mnyama adimu namna hii astahili ulinzi wa kila aina.

Lakini tuulize kwanza anauawaje. Kipunji hushuka mashambani kula mahindi, na mkulima aliyekwisha kupoteza chakula cha watoto wake humtegea gogo au humtuma mbwa. Gogo likianguka halisikiki hata bonde la pili. Shoka la mchoma mkaa nalo halifanani na bunduki. Masikio hayo yaweza, ni kweli, kufundishwa kutambua msumeno wa moto, na hilo lingefaa. Ila Tukuyu hupata zaidi ya milimeta 2,000 za mvua kwa mwaka, na chombo kilichofungwa mtini kingeshinda miezi kadhaa kikisikiliza matone juu ya majani.

Nchi nyingine zimekwisha kujaribu. Katika msitu wa Korup, Kamerun, vinasa sauti 12 vilitegwa kuanzia 2013. Havikuwaita walinzi palepale. Sauti zilikusanywa na kuchambuliwa baadaye. Zikaonyesha kwamba doria zilipoongezwa, milio ya bunduki haikupungua. Habari chungu, lakini yenye manufaa kwa mkuu yeyote asiyeogopa kuisoma. Huko Marekani, mkaguzi wa mji wa Chicago alichungua mwaka 2021 taarifa 50,176 ambazo mtambo wa namna hii uliwapelekea polisi. Katika 9 tu kwa kila mia ndipo ulipopatikana ushahidi wa kosa la bunduki. Septemba 2024 mji huo ukaacha kuutumia.

Basi ndugu zetu wa Halmashauri na wa Wakala wa Huduma za Misitu, siku watakapoletewa mtambo huu wenye taa za kumetameta, na wamwulize mwuzaji maswali machache. Mlio ukisikika saa nane za usiku juu ya Isongole, nani atapanda? Ana viatu gani, koti gani la mvua, na posho yake imelipwa lini? Tena kuna shamba la mahindi lililopakana na msitu, ambalo mwenyewe hulilinda peke yake usiku na mchana. Fedha za vinasa sauti kumi zingewalipa walinda mashamba wangapi mahindi yanapokomaa? Hesabu hiyo yaweza kufanywa Tukuyu, kwa kalamu na karatasi, kabla ya kuagiza chochote.