Mto Tana na Mfereji wa Belezoni

Wengi wauonao mto wakati wa kiangazi, ukijikokota katikati ya mafungu ya mchanga, hudhani kwamba maji hayo ya kila siku ndiyo yaliyouchonga. Walakini kazi kubwa hufanywa na maji ya siku chache, yale yajaayo hata yakalingana na kingo, ambayo kwa mito mingi huja mara moja katika kila mwaka mmoja au miwili. Maji haba hayana nguvu ya kuhamisha mashapo, na gharika kuu, ijapokuwa yatisha, huja kwa nadra. Basi hayo ya katikati, yenye nguvu ya kutosha na mazoea ya kurudi, ndiyo yaupao mto upana wake na kina chake.

Tuutazame Mto Tana, mrefu kupita mito yote ya Kenya, utokao katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, ukapita Garissa, Hola na Garsen. Mvua za huko juu huufurisha mara mbili kwa mwaka, masika na vuli, na chini ya Garissa, ambako nchi ni tambarare na udongo ni laini, hupinda vizingo juu ya vizingo. Penye kizingo maji ya juu husukumwa upande wa nje, yakagonga ukingo na kuzama, ilhali yale ya chini hupita sakafuni kuelekea upande wa ndani yakiburura mchanga. Hivyo ukingo wa nje huchimbwa hata ukaporomoka pamoja na miembe iliyo juu yake, na ng'ambo ya pili huzaliwa fungu jipya, tupu, lisilo na hata jani. Vizingo viwili vikikaribiana mno, shingo ya ardhi iliyo baina yake hukatika, mto ukapita mkato, na kizingo cha kale kikasalia ziwa lililopinda.

Mafuriko yapitapo kingo, maji hupoteza mbio, yakaangusha kwanza mchanga mzito papo hapo, na tope laini likachukuliwa mbali. Kwa dahari na dahari kingo huinuka kuliko ardhi ya nyuma, na ndiyo maana vijiji vya wenyeji, Wapokomo, aghalabu hukaa juu ya kingo, na mpunga hupandwa nyuma, bondeni. Nalo, kwa maoni yangu, ndilo jambo la ajabu kuliko yote: mto uliojijengea hivyo hukaa juu kuliko nchi iliyo kandokando yake, ukingoja upenyo tu.

Upenyo huo Tana ilipewa na wanadamu. Zamani mto uliingia baharini upande wa kusini zaidi, katika Ghuba ya Ungwana. Katika karne ya 19, zama za Usultani wa Witu, ukachimbwa mfereji mwembamba, Belezoni, ili mitumbwi ipenye kutoka Tana hata Mto Ozi ulio jirani bila kupitia baharini. Njia ile ilikuwa fupi, na kwa kuwa ilikuwa fupi mteremko wake ulikuwa mkali zaidi, na maji yakipewa mteremko hayaombi ruhusa: kila mafuriko yaliupanua mfereji, mkondo wa kale ukajaa tope kwa kukosa maji ya kuusafisha, hatima yake mto ukahamia Ozi, na leo waingia baharini Kipini. Waliochimba walitaka njia ya mitumbwi, wakahamisha mto.

Tangu 1968 hata 1988 yakajengwa mabwawa matano juu ya mto huo, Masinga likiwa kubwa kuliko yote, lililokamilika 1981. Mabwawa hushika mashapo na kupunguza kilele cha mafuriko. Basi vizingo huhama polepole, mafungu mapya hupungua, na hilo huidhuru misitu ya kingoni, ambamo yumo mbega mwekundu wa Tana asiyepatikana kwingineko duniani, kwa kuwa miti mingi ya misitu hiyo huanza maisha juu ya mchanga mpya. Lakini mabwawa nayo yana kikomo. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 zilipozidi, Tana ya chini ilifurika mbali na kingo zake, na mafuriko ya namna hiyo ndiyo yawezayo, kwa muda wa siku chache, kukata shingo ya kizingo ambacho viangazi vingi havikukigusa.