Bomba la Chuma la Cornhill

Katika mji wa London, kando ya njia iitwayo Cornhill, karibu na jumba la biashara la Royal Exchange, limesimama bomba la maji la chuma cha kusubu. Halitoi maji tena, wala hakuna aliendeaye na ndoo. Lakini limo katika orodha ya majengo ya kale yalindwayo na sheria, na hakuna awezaye kuling'oa wala kuligeuza pasipo idhini ya wakuu wa mji.

Maandishi yaliyo juu yake yaeleza kwamba mahali hapo Henry Wallis, Meya wa London, alichimbisha kisima mwaka 1282, akajenga na nyumba ya kuwatia adabu wakosaji. Jela hiyo iliitwa Tun, yaani pipa, kwa kuwa umbo lake lilikuwa kama pipa lililosimamishwa wima. Mwaka 1401 iligeuzwa kuwa tangi la maji yaliyoletwa kutoka Tyburn, na kisima kikafunikwa kwa mbao. Juu ya mbao hizo kikawekwa kizimba cha wazururaji wa usiku, na juu ya kizimba mti wa kuwafungia, mbele ya macho ya watu, waoka mikate waliopunja uzani na wasagaji walioiba nafaka za wenyewe. Ajabu ya kifuniko cha kisima!

Kisima kilivumbuliwa tena mwaka 1799, kikapanuliwa, na bomba likasimamishwa. Fedha zilichangwa na Benki ya Uingereza, Kampuni ya East India, wenye mabenki na wafanya biashara wa mtaa ule, pamoja na makampuni ya bima ya moto. Haya ya mwisho hayakutoa kwa ukarimu mtupu. Siku zile makampuni ya bima ndiyo yaliyoajiri wazima moto, na nyumba iliyokatiwa bima ikiteketea, ndiyo yaliyolipa. Nao moto wa mwaka 1748, uliozuka kichochoroni hapo karibu, ulikuwa umekula nyumba zipatazo 100. Alama za makampuni hayo zingali zaonekana ubavuni mwa bomba.

Hata hivyo, usiku wa Januari 10, 1838, Royal Exchange yenyewe iliungua. Baridi ilikuwa kali hata maji yakaganda, na wazima moto wakapoteza muda mwingi kuyayeyusha. Jumba likateketea, bomba, lililo hatua chache tu, likabaki.

Lenye sifa zaidi mjini humo ni bomba la Broad Street, lililoondolewa mkono Septemba 1854, baada ya daktari John Snow kuonyesha kwamba maji yake yalieneza kipindupindu. Lakini lisimamalo huko sasa ni mfano tu, uliotengenezwa baadaye. La Cornhill ni chuma chenyewe cha mwaka 1799.