Paka Aliyezaa Kapuni

Paka huchukua mimba kama siku 63 hadi 65, na ikiwa ni mnene huenda asijulikane mpaka azae. Ndipo wenye nyumba hushtuka wasikiapo vilio vyembamba ndani ya kapu la nguo. Watoto wa nyumba hukimbilia, kila mmoja akitaka kushika wake. Hapo huanza hatari. Paka akiudhiwa huwabeba wanawe mmoja mmoja kwa ngozi ya shingo, akawafiche kichakani, na huko huweza kufa kwa baridi.

Basi kapu liachwe pale pale, na nguo zisidaiwe kwanza. Kitoto cha paka huzaliwa macho yamefumba na masikio yameziba. Macho hufumbuka baada ya siku 7 hadi 14. Hakiwezi kujipasha moto, wala kukojoa mpaka mama akirambe. Kazi ya mtu ni kumlisha mama dagaa au nyama, na kumwekea maji karibu.

Lakini siafu wakionekana, kusiwe na kungoja. Lihamishwe kapu zima, mama akiona, maana vitoto haviwezi kukimbia.

Mama akifa, maziwa ya ng'ombe huviharisha vitoto. Heri kutafuta paka mwingine anyonyeshaye.

Wakipata majuma 4 huanza kuonja samaki aliyepondwa, ila wasitengwe na mama kabla ya majuma 8. Naye huweza kushika mimba nyingine angali akinyonyesha.