KIPORO NA MAIKROWEVU: MOTO WA ASUBUHI HAUFUTI MAKOSA YA USIKU

Asubuhi moja ya Oktoba niliamka nimechelewa kazini. Naishi hapa Kizota, tumepanga chumba na rafiki zangu wawili, na usiku wake tulikuwa tumepika wali na maharage. Wali ukabaki. Tukaufunika, tukauacha mezani, tukalala. Asubuhi nikaupakua, nikauingiza kwenye maikrowevu dakika tatu. Ukatoka unafuka mvuke, unanukia vizuri tu. Nikala, nikashiba, nikaondoka zangu.

Saa nne nilikuwa chooni natapika. Mimi, mwelimishaji wa afya! Wenzangu ofisini walicheka mpaka basi. Baadaye mwenzangu wa chumbani naye akapiga simu: hali ni ileile.

Je, kama chakula kilipata moto, kwa nini kilituumiza?

Tatizo lilianza usiku

Mchele mbichi mara nyingi huwa na bakteria anayeitwa Bacillus cereus, ambaye asili yake ni udongoni. Bakteria huyu hujihifadhi kwenye vijimbegu vigumu ambavyo vinaweza kubaki hai hata baada ya wali kuiva. Wali ukiachwa upoe taratibu, vijimbegu vinaamka, bakteria wanazaana na wanaweza kutoa sumu. Joto wanalolipenda liko kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Chumba chako cha bati hapa Dodoma kimo humohumo!

Sasa sikiliza vizuri. Kupasha chakula kunaweza kuua bakteria, lakini sumu inayoleta kutapika haiharibiki kwa moto huo. Tena huwezi kuijua kwa kunusa wala kuonja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Kwenye joto kali, usisubiri hata hizo mbili.

Kwa hiyo wali ukibaki, utandaze kwenye sinia upoe haraka, kisha uweke kwenye friji na uule ndani ya siku moja. Huna friji? Pika cha kutosha tu, au mgawie jirani kingali cha moto.

Maikrowevu inapashaje?

Maikrowevu haina moto kama jiko. Inatoa mawimbi yanayotikisa maji yaliyomo ndani ya chakula, na mtikisiko huo ndio unaoleta joto. Mawimbi hayo huingia sentimeta mbili au tatu hivi tu. Katikati hupata joto linalosafiri polepole kutoka pembeni. Ndiyo maana ugali unaweza kukuunguza mdomo pembeni huku moyo wake ni wa baridi, na hapo kwenye baridi ndipo bakteria wanaponea.

Fanya hivi:

1. Tandaza chakula, usikirundike.
2. Kifunike, lakini acha upenyo mvuke utoke.
3. Katikati ya muda, simamisha, koroga, endelea.
4. Kikitoka, kiache kitulie dakika mbili ndipo ule. Joto linaendelea kusambaa.
5. Hakikisha hata katikati kunafuka mvuke. Kinachotakiwa ni nyuzi 70 kila sehemu.
6. Pasha mara moja tu. Kikibaki tena, mwaga.

Tumia bakuli la kioo au la udongo lisilo na urembo wa dhahabu. Sufuria, kijiko na karatasi ya foili vinaweza kutoa cheche. Kopo la siagi au la aiskrimu halikutengenezwa kwa moto. Na yai lenye ganda lake usithubutu, linalipuka!

Nyama iliyoganda

Kizota tuna machinjio, nyama haiko mbali. Shida ni pale unapoigandisha bonge zima, halafu asubuhi unaiacha kwenye beseni kutwa nzima iyeyuke. Nje inakuwa na joto, ndani bado barafu, na bakteria wanazaana huko nje.

Njia nzuri ni kuihamishia sehemu ya chini ya friji tangu usiku, ndani ya bakuli ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Ukiwa na haraka, tumia maikrowevu kwenye kiwango cha kuyeyusha, uigeuze mara kwa mara. Barafu hainasi mawimbi vizuri kama maji, kwa hiyo pembeni huanza kuiva wakati katikati bado jiwe. Nyama hiyo ipikwe palepale. Usiirudishe kwenye friji. Kwa siku nyingine, igandishe vipande vidogovidogo.

Na umeme ukikatika? Usifungue friji kila dakika kuchungulia. Ikibaki imefungwa, hutunza baridi kwa saa nne hivi.

Ukishaumwa

Kunywa dawa ya chumvichumvi, ile ORS, kidogokidogo lakini mara kwa mara. Nenda kituo cha afya ukiona damu kwenye choo, homa kali, huwezi kuzuia chochote tumboni, au mkojo umepungua sana. Mtoto mdogo usimsubirishe.

Siku hizi kwetu sinia linatoka kabla hatujanawa mikono. Anayelala wa mwisho anakagua meza, na kiporo kilicholala nje hatubishani nacho: kinamwagwa. Inauma kumwaga wali, najua. Lakini ile siku ya Oktoba iliuma zaidi.