Shefu ya Gare: Sababu Gani Mutu Muzima Anatengeneza Treni Ndogo

Wakati nilikuwa mwaka wa pili mu Polytech, chini ya kitanda yangu kulikuwa karto moja. Wenzangu wa chumba walifikiri niko naficha unga ao franka. Siku moja mumoja wao akaifungua. Alikuta vipande vya reli, magurudumu kidogo sana, mota ya imprimanti ya zamani, na wagoni tatu zenye nilitengeneza na mikebe ya maziwa. Akaangalia karto, akaniangalia miye, akasema: «Yaya, weye uko na miaka makumi mbili na moja. Unacheza na bitu bya batoto?»

Toka siku ile, promosio nzima iliniita Shefu ya Gare.

Leo nataka kueleza ile kazi ni nini kabisa, kwa sababu najua kati yetu kuna wengine wenye wanaficha karto yao. Ya treni, ya redio, ya ndege za karatasi, ni mamoja.

Wenzangu niliwaelewa. Kwetu, mutoto wa miaka nane akikunja waya na kutengeneza motokari, watu wanamusifu: «Huyu atakuwa enjinyeri!» Akiingia mu chuo kikuu na angali anakunja waya, watu wanauliza kama kichwa iko muzima. Tena mutu wenye wazazi waliuzisha mbuzi juu ya minervali yake, watu wanangojea afanye vitu vyenye kuleta makuta. Ile haiko wivu, ni njaa yenye inasema. Lakini walikuwa hawajui kitu moja: ndani ya ile karto, nilikuwa najifunza.

Tuanze na kipimo. Mutu mwenye kutengeneza treni ndogo hasukume kopo akisema «tuu-tuu». Anajaribu kujenga dunia ndogo yenye inatii sheria za dunia kubwa. Treni ndogo zenye zinauzishwa sana mu Ulaya zinaitwa HO: kila kitu inagawanywa na 87. Reli ya Ubelgiji na Ufaransa iko na upana wa milimita 1.435. Gawanya na 87, unapata milimita 16,5. Njo upana wa reli yenye mujomba yangu aliniletea toka Bruxelles, ya okazio, mu mufuko wa plastiki.

Lakini reli yetu haiko ile. Toka Lubumbashi kwenda Likasi, Kamina mupaka Kalemie, upana ni milimita 1.067, sawa mu Zambia na mu Afrika ya Kusini, kwa sababu reli ilitufikia toka kusini. Treni iliingia Élisabethville, ni kusema Lubumbashi ya leo, mwaka wa 1910. Basi, ukichukua wagoni ya kwetu, ukaigawanya na 87, na ukaiweka juu ya reli ya mujomba, ni uongo: reli itakuwa pana kupita kawaida.

Nilipoteza usiku tatu juu ya hesabu ile. Kisha nikageuza ulizo: siwezi kupunguza reli, lakini naweza kuongeza treni. 1.067 ukiigawanya na 16,5 unapata karibu 65. Kumbe kuna kipimo cha 1 kwa 64, na watu wa New Zealand na wa Afrika ya Kusini wanakitumia juu ya sababu ileile! Wagoni ya metre 12 inakuwa karibu sentimita 19. Mutu wa metre 1,70 anakuwa milimita 27. Hesabu ile hakuna prof aliniuliza. Niliitafuta miye mwenyewe, na mupaka leo sijaisahau, wakati nimesahau mingi ya mu silabisi.

Kisha kuna umeme. Reli mbili ni nyuzi mbili: umeme wa volti 12 unapanda na reli moja, unapita mu mota, unarudi na reli ingine. Ukigeuza nyuzi, treni inarudi nyuma. Ni rahisi, mupaka siku utapenda reli izunguke na kurudi juu ya njia yenye ilitokea, sawa kitanzi cha kamba. Hapo reli ya kushoto inakutana na reli ya kuume, na inapiga shoti. Kosa ile nilifanya, nilichoma transfo. Ilinibidi kujifunza kukata reli fasi mbili, kulisha kile kipande cha katikati peke yake, na kugeuza umeme na swichi wakati treni ingali ndani. Juu ya meza yangu, kosa ile ilinuka tu. Mu kabine ya umeme ya mugodi, kosa kama ile inaua mutu. Na sababu kuran kwetu inaenda wakati inapenda, mwisho nilihamia ku batri ya pikipiki.

Pamoja na yote ile, nilikaribia kuacha. Kicheko cha siku moja hakiumize, lakini kicheko cha kila siku kinakula. Likizo ya Pasaka nilibeba karto mupaka nyumbani kwa wazazi, na nia ya kuigawia watoto wa jirani.

Jirani mwenyewe alikuwa muzee mumoja mwenye aliendesha treni miaka mingi, masinisti wa pansio. Aliona karto ku barza. Hakucheka. Alitosha magurudumu mawili yenye kufungwa ku chuma moja, akayageuza mu mukono, akasema: «Mwanangu, gurudumu yako iko sawa mukebe. Njo maana treni yako inaanguka mu kona, sivyo?»

Ilikuwa kweli. Ilikuwa inaanguka kila mara, na sikujua sababu.

Alinieleza. Magurudumu mawili ya treni yanazunguka pamoja, hakuna moja inaweza kwenda mbio kuliko ingine. Lakini mu kona, gurudumu ya inje iko na njia ndefu zaidi. Motokari iko na diferansiyeli, treni haina. Basi gurudumu ya treni inachongwa: upande wa ndani ni munene, upande wa inje ni mwembamba. Treni ikivutwa inje mu kona, gurudumu ya inje inakanyaga reli na unene wake, ingine inakanyaga na wembamba wake, na yote inageuka yenyewe. Ule ukingo wa chuma wenye tunaona ku gurudumu, miye nilifikiri ndio unashika treni ku reli. Muzee akasema: «Ule ni mulinzi wa mwisho. Ukisikia unalia, kazi ya kwanza imeshindwa.»

Nilirudi ku chuo na karto yangu, na vikombe viwili vya plastiki.

Ile njo sehemu yenye naomba mujaribu leo. Chukua vikombe viwili, vyenye kuwa vyembamba chini. Viunganishe mudomo kwa mudomo na skochi. Chukua fimbo mbili za kunyooka, uziweke sawa reli, na uziinamishe kidogo. Weka vikombe juu, lakini uviweke vibaya, upande-upande, na uviachilie. Vitacheza kushoto, kuume, na kurudi katikati vyenyewe. Sasa fungua, uviunganishe matako kwa matako, na urudilie. Vitaanguka palepale.

Nilifanya ile mu darasa, mbele prof hajafika. Nilisema tu: «Nani anaweza kunieleza sababu gani?» Hakuna mutu aliweza. Yule aliyefungua karto yangu alirudilia mara sita, saba, akaomba karatasi, akaanza kuchora. Prof aliingia, akakuta watu makumi tatu wanainama juu ya vikombe viwili. Jina la Shefu ya Gare lilibakia, lakini toka siku ile lilikuwa na ladha ingine.

Musifikiri ni mambo ya Lubumbashi tu. Mu Marekani, ku chuo cha MIT, wanafunzi walikuwa na kundi la treni ndogo, Tech Model Railroad Club, toka mwaka wa 1946. Wamoja walipenda kupaka rangi na kujenga nyumba ndogo. Wengine walikaa chini ya meza kuunganisha nyuzi na swichi za telefone za kutawala njia. Hao wa chini ya meza, ku mwisho wa miaka ya 1950, waliomba kugusa ordinateri moja ya chuo yenye kuitwa TX-0, na wengi wao wakawa kati ya vijana wa kwanza kuandika programu juu ya kuipenda tu. Neno «hakeri» lenye tunasikia leo, kundi lile lilichangia sana kulizaa. Hakuna mutu aliwatuma.

Sisemi kila mwenye kutengeneza treni atatajirika. Miye sijatajirika. Nasema mukono wenye umezoea kukosea mu vitu vidogo hautetemeke mbele ya vikubwa. Na nasema kama uko na karto yako, usipoteze nguvu kubishana na wenye kucheka. Mwenzako hajui kwa sababu hajashika. Mupe kitu mu mukono, umuulize ulizo, unyamaze.

Muzee masinisti alifariki mbele nimalize masomo. Alikuwa amenifundisha gurudumu, breki, na namna ya kusikiliza reli. Mengine alienda nayo, kwa sababu likizo zilikuwa fupi, na kwa sababu miaka yote yenye niliishi karibu naye sikumuuliza kitu. Mu kila avenue ya Lubumbashi, ya Likasi, ya Kalemie, kungali wazee kama yeye wanakaa ku barza. Hawacheki karto. Wanangojea ulizo.