Mvutano, Atomu na Chembe: Nadharia Zilizojificha katika Istilahi za Fizikia

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba istilahi ya kisayansi aghalabu hubeba nadharia ya wakati ilipoundwa, na kwamba nadharia hiyo yaweza kupitwa ilhali neno likabaki.

Tuanze na mvutano. Kimofolojia, neno hili limetokana na kitenzi -vuta katika kauli ya kutendana. Kiambishi -an- kinaeleza barabara alichokidai Newton mwaka 1687: Dunia huvuta embe, na embe nalo huivuta Dunia kwa nguvu iliyo sawa. Neno la Kilatini gravitas, lililo asili ya istilahi ya Kiingereza, humaanisha uzito tu. Hapa Kiswahili kimekizidi Kilatini kwa usahihi.

Hata hivyo, mwaka 1915 Einstein alitoa maelezo mengine. Kwa mujibu wake, maada hupinda anga na wakati. Embe linaloanguka halivutwi na chochote, bali hufuata njia iliyo nyoofu kadiri inavyowezekana katika mpindo huo. Jua lilipopatwa mwaka 1919, vipimo vilivyochukuliwa katika kisiwa cha Príncipe na huko Sobral, Brazili, viliunga mkono utabiri wake: nuru ya nyota ipitayo kando ya Jua hupinda takriban mara mbili ya kiasi kinachotokana na hesabu za Newton.

Atomu nayo, kwa Kigiriki, ni kitu kisichokatika. Lakini mwaka 1897 J. J. Thomson aligundua elektroni, na mwaka 1911 Rutherford akabainisha kiini. Kosa hilo halimpotoshi msemaji wa Kiswahili, kwani mzizi wa neno hauoni. Chembe ni kinyume chake: humletea picha ya punje ya mchanga, ilhali mwaka 1927 Davisson na Germer walionyesha kuwa elektroni zikielekezwa kwenye fuwele ya nikeli hutawanyika kama mawimbi.

Je, istilahi angavu zitupwe? La hasha. Ndizo zinazompa mwanafunzi pa kuanzia. Neno la mkopo halipotoshi, lakini pia halifundishi. Kinachohitajika ni fasili zilizo kamili zaidi. Mwanaleksikografia anayefasili mvutano hana budi kueleza pia mahali ambapo maana ya mzizi inakoma. La sivyo, kamusi itaendelea kumfundisha Newton kwa msomaji anayemtafuta Einstein.