SPIRITI IKIMWAGIKA HUENDA WAPI?

Leo tuzungumze juu ya spiriti, hii ya mafundi seremala. Tuseme hapo Mkolani fundi amesuuza pipa lake mferejini, nawe huku bondeni una mchicha, kisima kifupi na bwawa la samaki. Je, ung'oe mchicha wote?

Hapana, usiharakishe. Spiriti ni alkoholi, na mara nyingi ndani yake mna methanoli, ambayo zamani iliitwa pombe ya mti maana ilipatikana kwa kuchoma magogo. Haifanani na DDT, inayodumu udongoni miaka mingi na kujilimbikiza katika mafuta ya samaki. Palipomwagika nyingi mizizi itaungua, ndiyo. Lakini sehemu yake hupaa hewani, na iliyobaki huliwa na vijidudu vya udongo. Kwa kawaida baada ya siku chache, au wiki hivi, imekwisha geuka maji na hewa ya kaboni.

Sasa bwawani ndiko kwenye kazi. Vijidudu hivyo vikila, vinavuta oksijeni. Hebu tupige hesabu: lita 1 tu ya methanoli inahitaji oksijeni iliyomo katika lita 150,000 hivi za maji. Hilo ni bwawa la mita 10 kwa 10, kina mita moja na nusu! Kweli, upepo hurudisha oksijeni, lakini polepole, na pipa si lita moja. Ukiona alfajiri sato wanahema juu ya maji, ziba mfereji, uingize maji mapya safi.

Na kisima je? Petroli huelea, utaiona. Alkoholi huchanganyika na maji kabisa, huioni. Kwa hiyo acha kuyanywa maji hayo, wala usitegemee kuyachemsha. Mwite bwana afya yapimwe.

Kuna wanaoonja mabaki ya pipa. Jamani! Methanoli mwilini hugeuka asidi inayopofusha macho na kuua. Kenya, Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa kwa pombe iliyotiwa methanoli.

Pipa lenyewe usiweke maji wala mahindi, na usilikate kwa moto. Mvuke uliobaki hulipuka, na mwali wa methanoli mchana hauonekani vizuri.